Nusu sekunde hewani: kazi ya wapiga picha wanaofuata farasi kwenye konkuru

Siku ya yenga tarehe 28 mwezi wa saba 2024, farasi zaidi ya 60 walipita mmoja mmoja ndani ya bustani ya jumba la kifalme la Versailles, pembeni ya Paris. Ilikuwa Michezo ya Olimpiki. Walikimbia kwa galopi, wakaruka magogo, wakaingia majini na kutoka, na nyuma yao lile jumba la wafalme wa Ufaransa lilionekana kama pazia la sinema. Siku hiyohiyo picha zao zilizunguka dunia nzima, hadi kwenye telefone zetu huku Kongo.

Watu wengi walitazama farasi, wakatazama jumba. Wachache walijiuliza: aliyepiga picha hii alikuwa amesimama wapi? Aliwezaje kukamata mnyama wa kilo 500 na zaidi akiwa hewani, kwato zote nne zimeacha udongo, masikio yako mbele, na uso wa mpanda farasi unaonekana vizuri?

Ukitazama kwa mbali, kazi hiyo inaonekana kama starehe ya watu wenye pesa. Ukiikaribia unakuta ni kazi ya jasho. Ndani yake mna maswali mawili ambayo mpiga picha yeyote wa Lubumbashi, Bukavu au Bunia atayatambua: nani anamlipa, na afanye nini pale mbele yake anapoanguka mtu au mnyama?

Mchezo mmoja, mitihani mitatu

Mchezo wenyewe kwa Kifaransa unaitwa concours complet. Ulitoka jeshini. Maafisa wa wapanda farasi walitaka kujua kama farasi wa vita anatii amri, anaweza kukimbia mbali porini, na kesho yake bado ana nguvu. Uliingia kwenye Olimpiki mwaka wa 1912, Stockholm, na kwa miaka mingi walioshindana walikuwa wanajeshi tu. Mwanamke wa kwanza aliruhusiwa mwaka wa 1964, kule Tokyo: Mmarekani Lana du Pont, aliyerudi nyumbani na medali ya feza pamoja na timu yake. Leo wanawake na wanaume wanashindana pamoja, kwa masharti yaleyale.

Mtihani wa kwanza ni dresaji. Farasi anaonyesha hatua zake uwanjani, polepole na kwa utii, mbele ya waamuzi. Wa pili ni krosi: mbio za porini zenye vizingiti visivyocheza, yaani magogo, mitaro, vichaka na maji. Wa tatu ni kuruka uwanjani, ambako miti ya vizingiti imewekwa juu juu na ikiguswa kidogo inaanguka. Mti mmoja chini ni alama 4 za adhabu.

Kule Versailles njia ya krosi ilikuwa ya kilometa 5 na kidogo, na muda uliopangwa ulikuwa dakika 9 na sekunde 2. Kila sekunde ya kuchelewa inaleta adhabu ya alama 0.4. Farasi akikataa kuruka mara moja, ni alama 20. Mpanda farasi akianguka, konkuru yake imeisha.

Kwa mpiga picha, mitihani hii mitatu ni kazi tatu tofauti. Kwenye dresaji anatafuta utulivu na usafi wa hatua. Kwenye krosi anatafuta nguvu. Kwenye kuruka uwanjani anatafuta usahihi, na mara nyingi pia uso wa mtu anayejua kwamba mti mmoja ukianguka medali imekwenda.

Hesabu ya nusu sekunde

Kwenye konkuru za ngazi ya juu kabisa, ile ya nyota tano, krosi inapangwa kwa mwendo wa mita 570 kwa dakika. Ukigawa, ni mita 9 na nusu kwa kila sekunde. Vizingiti vigumu vinafika urefu wa mita 1.20, na vile vyenye majani juu, ambayo farasi anaweza kuyapitia, vinafika mita 1.45.

Sasa tufanye hesabu ambayo wapiga picha wanaifanya kichwani. Farasi akiacha udongo upande huu na kuukanyaga tena mita 5 mbele, safari yake yote hewani ni kama nusu sekunde. Kamera ya kisasa inayopiga picha 20 kwa sekunde itatoa picha 10 hivi za mruko huo. Kati ya hizo 10, moja au mbili ndizo zitamfurahisha mwenye farasi. Nyingine zitaonyesha farasi aliyenyoosha miguu kama meza, au mpanda farasi aliyefumba macho.

Kuna hesabu nyingine. Mlango wa kamera ukifunguka kwa 1/250 ya sekunde, farasi amekwisha kusogea karibu sentimeta 4 kabla haujafungwa. Picha itakuwa na ukungu. Ukifunguka kwa 1/1000, amesogea sentimeta moja tu. Miguu yake inakwenda kasi kuliko mwili, ndiyo maana wengi hupanda hadi 1/1600 au 1/2000 jua likiwepo. Lakini mvua ikinyesha, na kule Uingereza mvua hainyimi mtu, mwanga unapungua na mpiga picha analazimika kuchagua: picha yenye ukungu au picha yenye chembechembe.

Wengine wanaugeuza ugumu huo kuwa faida. Wanashusha kasi hadi 1/60 au hata 1/30, wanamfuata farasi kwa kamera kama mtu anayefuata ndege kwa macho, na wanabonyeza huku mikono bado inasogea. Ikifaulu, kichwa cha farasi kinatoka safi na miti yote ya nyuma inakuwa mistari ya rangi. Ikishindikana, hakuna kitu. Ndiyo maana mwenye kazi anapiga kwanza picha za uhakika, kisha anajaribu hizi.

Jambo hili la kusimamisha farasi kwa picha lina historia ndefu. Mwaka wa 1878, kule Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kwa mstari pembeni ya njia. Farasi alipopita, kila kamera ilipiga kwa zamu yake. Zamani wachoraji walikuwa wakichora farasi wa galopi amenyoosha miguu ya mbele mbele na ya nyuma nyuma. Picha za Muybridge zilionyesha kwamba ni kweli kuna wakati kwato zote nne haziko chini, lakini wakati huo miguu imekunjwa chini ya tumbo. Jicho la binadamu lilikuwa limedanganyika kwa karne nyingi.

Masikio, magoti na macho

Mtu asiyejua farasi atapenda picha yoyote ambayo farasi yuko juu. Mwenye farasi hatazami hivyo. Kwanza anatazama masikio. Yakiwa mbele, farasi anaonekana ana moyo wa kazi. Yakiwa yamelala nyuma, anaonekana amekasirika au ana maumivu. Kisha anatazama miguu ya mbele: magoti yawe juu na yalingane. Mwisho anajitazama mwenyewe, mgongo, mikono na uso. Yapo mengi ambayo mtu husamehe, lakini si picha inayomwonyesha amekenua meno akivuta mdomo wa farasi wake.

Kwa hiyo mpiga picha mzuri lazima ajue farasi kabla ya kujua kamera. Kwenye troti, miguu ya farasi inakwenda kwa jozi za mshazari: wa mbele wa kushoto pamoja na wa nyuma wa kulia, na kinyume chake. Picha inayotakiwa ni ile ambayo mguu wa mbele umenyooka kabisa. Kwenye galopi inatakiwa ile ambayo sehemu ya mbele ya farasi inainuka kama mtu anayepanda ngazi. Ukibonyeza robo sekunde mbele au nyuma, farasi wa bei kubwa anaonekana kama amejikwaa.

Kwenye kuruka, wengi wanapendelea farasi akiwa bado anapanda, kabla hajalala sawasawa juu ya kizingiti. Hapo nguvu yake inaonekana. Mpiga picha anachuchumaa, maana kamera ikiwa chini kizingiti kinaonekana kirefu zaidi. Kamera mpya zinatambua zenyewe jicho la mnyama na kulifuata, lakini majani ya mbele au kichwa cha mtazamaji vinaweza kuzipoteza. Wazee wa kazi bado wanatumia njia ya zamani: wanaiweka kamera tayari kwenye mti wa juu wa kizingiti, wanangoja, na farasi anajileta mwenyewe.

Tena kuna suala la rangi. Kamera inapenda kila kitu kiwe cha kijivu. Ukiipa farasi mweusi, itaongeza mwanga hadi anga lipotee. Ukiipa farasi mweupe, itapunguza mwanga hadi aonekane mchafu. Mpiga picha wa ndoa wa hapa kwetu hana haja ya kufundishwa jambo hili: ni vita ileile ya gauni jeupe la bibi harusi na kositimu nyeusi ya bwana, chini ya jua la saa saba.

Pa kusimama, na pa kukaa kimya

Kwenye konkuru kubwa kama Badminton, iliyoanza mwaka wa 1949 kule Uingereza, au Burghley, iliyoanza mwaka wa 1961, wapiga picha waliopewa ruhusa wanavaa kizibao kinachowatambulisha. Ruhusa hiyo si leseni ya kwenda popote. Krosi haina ukuta. Kuna kamba tu, na farasi anayekuja hawezi kusimama ghafla. Filimbi ikilia, maana yake farasi yuko njiani. Hapo hakuna kuvuka, hakuna kurudi kuchukua begi.

Masharti mengine hayajaandikwa mahali, lakini kila mtu anayajua. Usisimame pale ambapo farasi atatua, wala pale atakapokwenda akikataa kuruka na kukata kona. Usifungue mwavuli. Usitumie flashi. Usiinuke ghafla kutoka kichakani wakati farasi anapiga hesabu ya hatua zake za mwisho. Kwenye dresaji kelele za kamera zenyewe zinaweza kumshtua farasi, ndiyo maana kamera zisizo na sauti zimepokelewa kwa furaha sana katika kazi hii.

Pia mpiga picha hawezi kuwa kila mahali. Njia ni ya kilometa 5. Anayetaka picha ya maji na picha ya gogo la mwisho lazima aitembee njia yote kabla ya siku ya konkuru, ahesabu dakika za kutoka kizingiti hiki hadi kile, na aangalie jua litakuwa upande gani saa tano na saa tisa. Lazima aangalie na mambo ya nyuma. Mruko mzuri kupita yote unaweza kuharibiwa na choo cha plastiki cha rangi ya bluu kilichosimama nyuma ya masikio ya farasi.

Siku farasi anapoanguka

Hapa ndipo kazi inakuwa nzito. Krosi ni hatari, na hakuna anayeificha. Mwaka wa 1995, kule Virginia, Marekani, mwigizaji Christopher Reeve, aliyejulikana kwa sinema ya Superman, alianguka pale farasi wake aliposimama mbele ya kizingiti cha tatu. Alivunjika shingo, akabaki amepooza hadi kifo chake mwaka wa 2004. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka wa 2021, farasi Jet Set wa timu ya Uswisi aliumia mguu kwenye krosi na waganga wa wanyama wakalazimika kumkatisha maisha.

Ajali ikitokea, wasaidizi wanakuja mbio na mapazia makubwa ili kumficha aliyelala chini. Lakini mapazia yanachukua muda kufika, na mpiga picha tayari yupo, objektifu ndefu mkononi, mita 20 kutoka pale. Abonyeze au asibonyeze?

Kuna wanaosema: bonyeza, kuamua kutakuja baadaye. Kuna wanaoshusha kamera. Wengi katika kazi hii wanakubaliana juu ya jambo moja: kupiga na kutoa si kitu kimoja. Picha ya mtu aliyeumia haitoki kabla familia yake haijajulishwa, na picha ya farasi anayekufa haiuzwi kama ile ya farasi anayeruka. Sisi wa mashariki mwa Kongo tunalijua swali hili kupita wengi. Ni mara ngapi picha za ajali ya barabarani au ya boti iliyozama ziwani zimefika WhatsApp kabla mama wa marehemu hajaambiwa?

Lakini kushusha kamera siku zote si jibu. Picha ni ushahidi pia. Kwenye Michezo hiyohiyo ya Tokyo, katika mchezo mwingine unaoitwa pentatlo ya kisasa, dunia iliona Mjerumani Annika Schleu akilia juu ya farasi Saint Boy aliyekataa kabisa kwenda, huku mwalimu wake akimpiga farasi huyo ngumi. Mwalimu alifukuzwa kwenye Michezo. Kabla ya mwaka kwisha, wakubwa wa pentatlo walitangaza kwamba kupanda farasi kutaondolewa kwenye mchezo wao baada ya Paris 2024. Bila picha zile, jambo hilo huenda lingebaki maneno ya watu waliokuwepo uwanjani.

Ndani ya concours complet nako macho ya kamera yanafanya kazi. Vizingiti vingi vya krosi sasa vimefungwa kwa pini inayoachia farasi akigonga kwa nguvu, ili gogo lianguke badala ya kumpindua. Pini ikiachia kwa kosa la mshindani, anapata alama 11. Mjerumani Michael Jung alipata adhabu hiyo Tokyo na medali ikamponyoka. Miaka mitatu baadaye, Versailles, akiwa na farasi yuleyule Chipmunk, alipata dhahabu yake ya tatu ya mtu binafsi, baada ya zile za London 2012 na Rio 2016. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo katika mchezo huu. Uingereza ilichukua dhahabu ya timu, na Moroko iliwakilishwa na Noor Slaoui, bendera ya Afrika ikapita pia kwenye ile njia.

Nani analipa?

Versailles ni siku moja ya dunia. Siku nyingine zote, wanaoishi kwa kazi hii wako kwenye konkuru ndogo za mashambani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani au Afrika ya Kusini, ambako mwenye konkuru anamruhusu mpiga picha mmoja awe wa rasmi. Mara nyingi halipwi mshahara. Anapiga kila farasi anayepita, tangu asubuhi hadi jioni, kisha anangoja wapanda farasi wanunue.

Zamani alikuja na gari lenye mashine ya kuchapisha, na watu wakanunua picha palepale. Leo anaziweka kwenye intaneti, jina lake likiwa limeandikwa katikati ya kila picha ili zisichukuliwe bure. Na zinachukuliwa vilevile. Mtu anapiga picha ya ekrani, anaituma kwa marafiki, jina la mpiga picha likiwa bado limekaa juu ya tumbo la farasi. Siku hizi kuna programu zinazolifuta jina hilo kwa sekunde chache. Na pembeni ya kamba, baba na dada wa mpanda farasi wana telefone nzuri.

Objektifu moja ya kazi hii, ile ndefu inayofanya kazi hata mwanga ukiwa mdogo, inaweza kupita dola 10,000. Ongeza kamera mbili, maana moja ikilowa ipo nyingine, na mafuta ya gari, na usiku wa kuchagua picha elfu kadhaa. Anayechukua picha bure hafikirii haya. Anafikiri kazi ilikuwa ile nusu sekunde tu.

Sheria iko upande wa mpiga picha. Katika inchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza, picha ni mali ya aliyeipiga katika maisha yake yote na miaka 70 baada ya kifo chake. Kongo nayo ina sheria ya haki za watunzi, ya tarehe 5 mwezi wa nne 1986. Lakini kumpeleka mteja mahakamani kwa ajili ya picha moja, hakuna anayeweza. Kwa hiyo wengine wamebadilisha njia: mpanda farasi analipa kabla ya konkuru, na kisha anapata picha zake zote. Hasara ya kuibiwa inapungua, na mpiga picha anajua asubuhi kama siku hiyo itamlipia mafuta.

Na huku kwetu?

Farasi ni wachache kwetu. Katika sehemu nyingi za Kongo mbung'o na ugonjwa wa malale anaoubeba havikumpa mnyama huyu nafasi. Lubumbashi na Kinshasa kuna vilabu vya kupanda farasi, lakini kijana wa Uvira anayenunua kamera yake ya kwanza hatakutana na krosi ya nyota tano.

Hata hivyo hahitaji kusubiri. Mwendesha baiskeli anayeshuka mlima, mchezaji wa mpira anayeruka kwa kichwa, mtoto anayejitupa ziwani: wote wako hewani kwa muda mfupi uleule. Aiweke kamera tayari pale watakapopita, achuchumae, aangalie kitu gani kipo nyuma yao, ashushe pumzi na angoje. Na kabla hajatuma picha hiyo kwa kikundi cha WhatsApp, ajiulize maswali mawili ya wale wa Versailles: aliye ndani ya picha angekubali ionekane? Na anayeipokea, atakumbuka kwamba kuna mtu aliipiga?